Nyumba ya "Mjerumani" na Maswali Mengine ya Majengo Kongwe

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinatoka Kilimanjaro na Meru, na karibu zote zinazungumzia kitu kimoja: majumba ya zamani ya mashambani ambayo leo yako mikononi mwa kijiji, chama cha msingi cha ushirika au ukoo. Tumechagua sita, tukafupisha maswali na kuyajibu pamoja.

Chama chetu cha msingi kina jengo la zamani katikati ya shamba la kahawa. Wazee wanasema lilijengwa na Mjerumani, lakini hatuna karatasi hata moja. Tutajuaje umri wake? (Msomaji, Kibosho)

Huku kwetu kila nyumba yenye ukuta mnene na veranda ndefu ni ya Mjerumani. Waingereza waliingia Moshi Machi 1916, na baada ya hapo Wagiriki, Waingereza na wengineo waliendelea kujenga mashambani kwa miongo mingi. Kwa hiyo msikubali wala kukataa kauli ya wazee kabla ya kushika futi kamba.

Anzeni na tofali, kama zipo. Tofali ya kipimo cha Kijerumani ilikuwa na urefu wa sentimita 25, upana 12 na kimo 6.5. Ya Kiingereza ilikaribia 23 kwa 11 kwa 7. Wengi hupima kimo cha mistari kumi kwenda juu na kupata kama sentimita 76 au 77, kisha wanatoa hukumu. Kipimo hicho hakisemi kitu, maana ukijumlisha na udongo wa kuungia, tofali zote mbili hufikia hapo hapo. Pimeni kwa urefu: tofali kumi zilizolala ubavu mfululizo, pamoja na viungo vyake. Zikikaribia mita 2.6 ni kipimo cha Kijerumani, zikikaribia 2.4 ni cha Kiingereza. Pimeni sehemu tatu tofauti, kwa sababu tofali zilizochomwa kwa kuni palepale shambani husinyaa na hazilingani.

Kama ukuta ni wa mawe meusi ya volkano, tofali zitafuteni kwenye dohani, juu ya madirisha na kwenye pembe. Mafundi walizitumia hapo kwa kuwa jiwe lile ni gumu kulichonga pembe safi.

Pili, angalieni kilichounga mawe. Chomoeni kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi kutoka ndani ya kiungo, sentimita tatu hivi kutoka usoni, kwa sababu usoni huenda palizibwa baadaye. Kitieni kwenye glasi ya maji. Kikiyeyuka na maji yakachafuka ndani ya dakika chache, ni udongo. Kikibaki kizima lakini ukucha unakikwaruza, ni chokaa. Kikigoma hata kwa msumari, ni saruji. Nchi hii ilianza kutengeneza saruji yake Wazo Hill mwaka 1966. Kabla ya hapo ilitoka nje kwa bei kubwa, na wajenzi wa mashambani waliitumia kwa uchoyo: kwenye sakafu, kwenye ngazi, kwenye tangi la maji. Ukuta mzima uliojengwa kwa saruji nzuri mara nyingi ni wa miaka ya karibuni, au ni nyongeza.

Tatu, pandeni darini na tochi. Futeni vumbi upande wa chini wa bati kwa kitambaa kikavu, maana viwanda vingi vya zamani vilipiga chapa ya jina na geji (kipimo cha unene wa bati). Bati la zamani la geji 24 au 26 ni zito kuliko la 28 au 30 linalouzwa leo, kwa hiyo msikubali fundi anayetaka kulishusha lote kwa sababu lina kutu juu juu. Angalieni pia kama kuna mihimili ya chuma. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929. Chuma kizito kingeweza kuja kwa mkokoteni wa ng'ombe, lakini ni wachache waliojisumbua hivyo.

Vitu vya kutoviamini peke yake ni misumari ya duara (ya mwaka 1905 na ya 1955 zinafanana), madirisha ya chuma yenye vioo vidogo vidogo (mengi yaliwekwa baadaye kwenye nyumba kongwe), na vipimo vya mbao. Hadi leo mbao zetu tunauziana kwa inchi, mbili kwa nne, kwa hiyo inchi hazithibitishi lolote. Tafuteni dalili tatu zinazokubaliana ndipo mwandike mwaka ukutani.

Tunataka kuandika historia ya shamba na jumba lake: nani alimiliki, lini. Tuanzie wapi? (Kamati ya kijiji, Usa River)

Anzeni na namba, siyo jina. Majina ya mashamba yalibadilika kila mwenye mali alipobadilika, lakini namba ya shamba ilidumu zaidi. Mtaipata kwenye ramani ya upimaji katika ofisi ya ardhi ya halmashauri, na mara nyingine alama zake zipo kwenye bikoni za mpakani. Mfano unaojulikana ni wa Wameru wa Ngarenanyuki waliohamishwa kwa nguvu mwaka 1951. Kirilo Japhet alipofikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa mwaka 1952, ardhi iliyogombewa ilitajwa kwa namba: shamba namba 31 na namba 328. Mwenye namba hizo anaweza kufuata karatasi hadi leo.

Ukiwa na namba, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa. Hapo utapata mmiliki wa sasa na mlolongo wa uhamisho uliosajiliwa. Kwa yaliyo nyuma zaidi, nendeni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambako kuna majalada ya utawala wa Kijerumani na ya Waingereza. Ya Kijerumani yameandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo husoma kwa shida, kwa hiyo mwende na mtu aliyeuzoea.

Mtakapokuwa mnasoma, mtakutana na mapengo. Yana sababu zake. Mali za Wajerumani zilichukuliwa kama mali ya adui baada ya Vita ya Kwanza na kuuzwa. Kuanzia 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi, na wengine walinunua upya. Mwaka 1939 mali zao zikashikwa tena. Mwaka 1963 umiliki wa kudumu ulifutwa na kugeuzwa ukodishaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 ukodishaji huo ukawa haki ya kumiliki ardhi chini ya masharti. Kwa upande wa Kilimanjaro, mashamba makubwa ya kahawa yalitaifishwa mwaka 1973, na mengi yakaishia mikononi mwa vyama na vijiji. Halafu vyama vikuu vya ushirika navyo vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ikaja 1982. Ndiyo maana jalada la chama linaweza kukatika ghafla kati ya miaka hiyo. Karatasi za kipindi hicho zitafuteni kwenye masanduku ya serikali ya kijiji, au chini ya jina la Mamlaka ya Kahawa, msizitafute kwa chama peke yake.

Na ulizeni wafanyakazi wa zamani mapema: mpishi, dereva wa trekta, karani wa mizani. Msiwaulize "ilikuwa mwaka gani". Waulizeni ilikuwa kabla au baada ya Uhuru, kabla au baada ya Azimio la Arusha, na nani alikuwa mwenyekiti.

Shule yetu inatumia jumba la zamani kama ofisi na stoo. Nyuma kuna matangi ya zege yenye mifereji, na ndani kuna alama ukutani tusizozielewa. Wanafunzi wanauliza. (Mwalimu, Machame)

Mwalimu, hayo matangi ni kiwanda kidogo cha kuoshea kahawa. Kahawa mbivu ilimenywa kwa mashine juu kidogo ya tangi, ikateremka na maji na kuvundikwa humo kati ya siku moja na tatu hadi ute uachie, kutegemea baridi. Kisha ilisukumwa kwenye mfereji wenye mteremko mdogo sana. Ukitazama kuta za mfereji utaona mifuo miwili inayotazamana kila baada ya hatua kadhaa. Vibao vilichomekwa hapo kuzuia maji, punje nzito zikabaki chini, nyepesi zikaelea na kupita juu ya kibao. Hivyo ndivyo daraja zilivyotengwa kabla kahawa haijafika kwenye vichanja. Tafuteni visiki vya nguzo kwa mistari upande wenye jua; hapo ndipo vichanja vilisimama. Na ukifuata mfereji kwenda juu, bila shaka utafika kwenye mfongo, yaani mfereji wa jadi wa kumwagilia. Mingi ya mifongo hiyo ilichimbwa na Wachaga zamani kabla ya mlowezi yeyote, na kugawana maji yake kulizua magomvi mengi. Somo la historia, la sayansi na la uraia limo katika mfereji mmoja.

Msiyageuze matangi hayo kuwa akiba ya maji ya kunywa, maana zege la zamani lina nyufa na hujui kilichowahi kumwagwa humo. Kwa bustani yanafaa.

Ndani ya nyumba, kila kazi iliacha alama yake. Mstatili mweusi unaojitokeza chini ya chokaa ni ubao wa kuandikia uliopakwa moja kwa moja ukutani. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1977 ulihitaji madarasa haraka, na sebule ya mlowezi ilikuwa darasa tayari. Rangi ya mafuta iliyopakwa hadi usawa wa kifua, juu yake chokaa, ni desturi ya zahanati na madarasa, kwa sababu hufutika kwa kitambaa. Kijidirisha chenye nondo na kibao chini yake kilikuwa dirisha la malipo. Karibu na hapo, verandani, mtakuta kipande cha zege kilichoinuka kikiwa na boliti zilizokatwa. Hapo palikaa mizani. Zege la namna hiyo likiwa ndani ya chumba, limelowa mafuta meusi, na ukutani kuna tundu la mkanda, basi ni mashine ya kusaga.

Mkitaka kupanga kazi hizo kwa mfuatano, tafuteni kona isiyopigwa jua na mchonge duara la upana wa sentimita kumi kwa msasa laini uliolowa, mkiingia taratibu kutoka nje kwenda katikati. Tabaka za rangi zitajitokeza kwa pete. Hesabuni kutoka ndani: ya kwanza kabisa ni ya aliyejenga. Ukuta wa kugawa chumba uliojengwa kwa bloku hautakuwa na tabaka za mwanzo, na hapo mtajua uliongezwa baada ya tabaka ya ngapi. Tumieni msasa wa maji tu na wanafunzi wakae mbali, kwa sababu rangi za mafuta za zamani huenda zina risasi, na vumbi lake ni sumu.

Tumekarabati nyumba ya mawe kwa plasta ya saruji ndani na nje. Miaka miwili baadaye ukuta unatoa chumvi nyeupe na plasta inabanduka kwa vipande vikubwa. Fundi anasema tuongeze saruji. (Msomaji, Marangu)

Msiongeze. Saruji ndiyo iliyoleta tatizo. Ukuta wa mawe uliounganishwa kwa udongo au chokaa hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa hewani kupitia viungo vyake. Mkiufunika kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, yanabeba chumvi, na chumvi ikikauka nyuma ya plasta inatanuka na kuisukuma. Plasta kali zaidi itabanduka na uso wa jiwe.

Kazi ifuate mpangilio huu, na hatua ya kwanza ndiyo watu huiruka kwa sababu haionekani kwenye picha.

Maji ya nje kwanza. Wekeni gata upande wote wa paa na bomba linalomwaga angalau mita moja na nusu kutoka ukutani. Kisha tazameni ardhi. Miaka mingi ya kufagia uwanja, kumwaga majivu na kupanda maua imeinua udongo hadi juu ya usawa wa sakafu, na maji yanaingia moja kwa moja. Shusheni udongo hadi uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 hadi 20. Chimbeni mtaro wa upana wa sentimita 30 pembeni, mjaze kokoto, uwe na mteremko wa kutokea. Angalizo: msingi wa nyumba hizi mara nyingine hauzidi nusu mita, kwa hiyo chungulieni kwanza kwa shimo moja dogo, na mtaro usifike chini ya jiwe la mwisho la msingi.

Pili, banduweni plasta ya saruji kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo, mkianzia palipovimba. Gongeni kwa kidole: penye sauti ya utupu panatoka kwa urahisi. Palipong'ang'ania hadi jiwe linavunjika, paacheni kwa sasa. Kisha acheni ukuta ukauke. Sio wiki, ni kiangazi kizima. Chumvi inayotokea ipigeni brashi kavu, msiioshe kwa maji, maana itarudi ndani.

Tatu, mchanga. Mchanga mweusi wa kwetu mara nyingi una vumbi jingi. Jazeni chupa ya plastiki nusu kwa mchanga, ongezeni maji na chumvi kidogo, tikiseni, acheni saa tatu. Tabaka la matope juu likizidi kama sehemu moja ya kumi na mbili ya mchanga, uosheni au tafuteni mwingine.

Nne, chokaa. Lowekeni chokaa ya mfuko kwenye pipa usiku kucha, ikikaa siku kadhaa ni bora zaidi, maji yakiwa juu yake. Changanyeni chokaa moja kwa mchanga tatu. Kwa ukuta wa mita kumi za mraba na unene wa milimita 15, pamoja na upotevu, mtahitaji ndoo tisa za mchanga za lita 20 na ndoo tatu za chokaa. Mkipata vumbi la tofali zilizochomwa vizuri na kuchekechwa, ndoo moja ikichukua nafasi ya ndoo moja ya mchanga husaidia plasta kushika mapema. Ponda mchanganyiko kwa koleo mpaka ulainike. Fundi aliyezoea saruji ataongeza maji, mzuieni. Maji mengi ndiyo chanzo cha nyufa.

Lowesheni ukuta, pigeni tabaka ya kwanza isiyozidi milimita 10, ichoreni mistari, na isubiri mpaka kidole kisiache alama. Katika baridi ya Juni na Julai hiyo ni wiki nzima au zaidi. Tabaka ya pili iwe nyembamba kuliko ya kwanza. Ukuta unaopigwa na jua la mchana ufunikwe magunia yaliyoloweshwa kwa siku nne tano, vinginevyo plasta itakauka kabla haijashika na itabaki unga. Msifanye kazi hii Machi hadi Mei. Masika itaiosha.

Mwisho pakeni chokaa nyepesi kama maziwa, mara nne au tano. Msipake rangi ya plastiki, mtakuwa mmerudi mlikotoka.

Fundi akigoma kabisa bila saruji, mkubalieni moja ya saruji, mbili za chokaa na tisa za mchanga, tena kwenye kuta zilizounganishwa kwa chokaa peke yake. Kwenye ukuta wa udongo, hapana.

Paa la jengo letu si bati, ni vigae vipana vya kijivu vyenye mawimbi. Je, ni asbesto? Na je, sheria inalilinda jengo? (Msomaji, Njiro, Arusha)

Kama ni vizito, vina unene wa kama milimita sita, na vikigongwa havilii kama bati, vichukulieni kuwa ni asbesto. Vikiwa vizima na havivunjiki, viacheni palepale. Hatari ni vumbi: msivikate, msivitoboe, msivipige brashi kuondoa ukungu. Vikilazimu kushuka, viloweshwe, vifunguliwe skrubu na kushushwa vizima, na kabla ya hapo ulizeni NEMC (baraza la taifa la mazingira) vinakopelekwa. Kuvifukia shambani au kuvigawa kwa majirani wajengee banda la kuku haikubaliki.

Kuhusu sheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Jumba la mashambani huku kwetu haliwezi kufika huko. Waziri anaweza kulitangaza kuwa la kulindwa, lakini hadi atakapofanya hivyo, ulinzi ni maamuzi yenu wenyewe kwenye mkutano.

Nyumba ya babu kihambani (kwenye shamba la ukoo) ilijengwa kwa fedha za kahawa: mawe, bati, vyumba vinne. Nyuma kuna jiko la zamani la nguzo na nyasi. Tunakuja Desemba tu. Kila mwaka tunakuta mbao zimeliwa zaidi. Tubomoe? (Msomaji kutoka Old Moshi, anaishi Dar)

Hapana, ila elewa kinachoila. Nyumba za nguzo na nyasi zilidumu kwa sababu moto uliwaka ndani kila siku. Moshi uliingia kwenye nguzo na nyasi, wadudu hawakupenda kukaa. Familia zilipohamia nyumba ya mawe, ile ya zamani ikawa jiko au banda la ng'ombe, na moto ukaendelea. Moto ulipozimika, yaani mama alipohamia mjini au jiko la gesi lilipoingia, mchwa na vipekecha wakaanza kazi. Nyumba ya mawe nayo inateseka kwa kufungwa miezi kumi na moja: unyevu hauna pa kutokea, dari inaota ukungu, popo wanaingia kupitia pengo la bati na ukuta.

Kwa hiyo lipeni jirani au ndugu aliyebaki afungue madirisha yote mara moja kwa wiki, asubuhi jua likitoka hadi alasiri, na awashe moto wa kuni jikoni siku hiyo hiyo. Zibeni mapengo ya paa kwa wavu wa kuku wenye matundu madogo, baada ya popo kutoka jioni. Mkija Desemba, chomeni bisibisi kwenye vizingiti, miisho ya kenchi inapokaa ukutani, na fremu za milango. Ikizama zaidi ya sentimita moja bila nguvu, badilisheni kipande hicho kwa mbao inayostahimili wadudu kama mkulo au mwangati iliyokauka vizuri. Si lazima kushusha kenchi nzima. Vunjeni kila kijia cha udongo cha mchwa mnachokiona kwenye msingi, na muache nafasi ya sentimita 30 kati ya ukuta na kuni au migomba.

Kuhusu kuigeuza nyumba ya wageni, kama baadhi ya majirani zenu walivyofanya, malizeni kwanza suala la ukoo. Kwa mila za Uchagani nyumba ya wazazi huwa ya mtoto wa kiume wa mwisho, na makaburi yako palepale mgombani. Muhtasari wa kikao cha ukoo wenye saini, uliopita serikali ya kijiji, uwepo kabla ya mfuko wa kwanza wa chokaa kununuliwa. Choo cha ndani kijengwe kama chumba cha kuongeza nje ya ukuta wa nyuma. Mlango wa kukifikia utokane na dirisha lililopo kwa kulishusha chini, upana ubaki uleule, kwa sababu linta iliyo juu yake tayari imebeba mzigo. Shimo la maji taka liwe mteremkoni, angalau mita 30 kutoka mfongo au chemchemi.